Bi Mkunjo na Pakiti Iliyopungua Herufi Moja

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, mama tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Bi Mkunjo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kiwandani, asubuhi ya Jumatatu moja ambayo ilikuwa nusura iwe siku yake ya mwisho pale. Tutafika huko.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya shule ya msingi ambako baba yake alifundisha hesabu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, vitambaa na wateja waliokuja kupima wakakaa kupiga soga. Alipokuwa na miaka sita, mama yake aliingia jikoni akakuta njiti zote za kiberiti zimo kwenye bakuli, na viberiti sita vimelazwa sakafuni bapa, kama samaki waliopasuliwa.

"Huyu mtoto ana mkono wa kuvunja," alisema baba yake.

Mama aliinama, akaokota kipande kimoja, akakikunja kufuata alama zake. Kikarudi kuwa kiberiti. "Havunji, Mwalimu," akasema. "Anakunjua."

Elimu ya msingi aliipata kuanzia 1964 hadi 1970 katika shule hiyo hiyo ya baba yake. Ilimpa taabu kumwita mtu mmoja "Mwalimu" mchana na "Baba" jioni, mwishowe akabaki na "Mwalimu" saa zote, na hivyo ndivyo alivyomwita mpaka mzee alipofariki. Kuanzia 1971 hadi 1976 alisoma sekondari katika shule ya bweni ya wasichana. Alifaulu vizuri hesabu na biolojia, na kufaulu huko ndiko kulikoleta mgogoro nyumbani. Shangazi yake alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali, na alikwisha kusema kwamba nafasi ya chuo cha uuguzi ipo, wakati wowote. Binti naye alikuwa ameona tangazo la chuo cha ufundi: ubunifu wa bidhaa na vifungashio, miaka mitatu na nusu, stashahada.

Mwalimu alilisoma tangazo lile mara mbili, miwani ikiwa juu ya paji la uso, maana yake hakuwa amekubali kulisoma.

"Vifungashio ndiyo nini?"

"Maboksi, Mwalimu. Pakiti, chupa, makopo."

"Watu wakishatoa kitu ndani ya boksi, boksi wanalipeleka wapi?"

"Jalalani."

"Kwa hiyo utasoma miaka mitatu na nusu kutengeneza kitu cha jalalani."

"Nitasoma ili kilichomo kifike kabla boksi halijaenda jalalani."

Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Hakukubali, lakini hakukataa. Walipatana hivi: asome anachotaka, na akimaliza, kama mwaka 1980 utakwisha bila kupata kazi ya kudumu, yaani yenye barua na mhuri, basi Januari ataingia uuguzi bila ubishi. Mama mtu ndiye aliyekuwa shahidi, sindano mdomoni. Marehemu alihitimu Julai 1980. Alibakiwa na miezi mitano.

Tarehe 1 Septemba 1980 aliajiriwa kwa majaribio ya siku tisini katika kiwanda cha uchapaji wa maboksi. Wanawake walikuwepo kiwandani, wengi, lakini wote walikaa upande wa gundi na upande wa kukunja. Yeye alikuwa wa kwanza kupewa meza katika chumba cha michoro. Chumba kilikuwa ghorofani, kina madirisha upande mmoja tu, na meza sita zilizoinama. Mkuu wake aliitwa Mzee Rula, kwa sababu alitembea na rula ya chuma mfukoni na hata supu aliikoroga nayo. Siku ya kwanza alimwambia, "Binti, humu hatutaki maajabu. Tunataka kitu kinyooke, kisomeke, kifunguke. Kosa moja kubwa linatosha kukurudisha nyumbani."

Kwa wiki kumi na moja hakukosa. Wiki ya kumi na mbili akapewa pakiti ya chumvi.

Ilikuwa pakiti ya kadibodi, ya nusu kilo, na mteja alikuwa mpya. Siku hizo maandishi madogo hayakuchapwa kwa kompyuta. Palikuwa na karatasi za herufi za kusugua: unaiweka herufi mahali pake, unaisugua kwa nyuma, inanata kwenye mchoro. Karatasi hizo zilitoka ng'ambo na zilipangwa kwa lugha za wenyewe. E zilikuwa tele, T tele, lakini Kiswahili kinakula A na U kama moto unavyokula nyasi, na karatasi iliyobaki ilikuwa na U tano tu. UZITO ilichukua moja. NUSU KILO ikachukua mbili. HIFADHI PAKAVU ikachukua ya nne. Yakabaki maneno ya kwenye kona, FUNGUA HAPA, na FUNGUA ina U mbili.

Aliweka moja. Ya pili akaiachia pengo, akaandika humo U kwa penseli ya bluu mpauko ili asisahau, akapanga kwenda dukani alasiri kununua karatasi nyingine. Kabla hajatoka, Mzee Rula alimtuma ghalani kupima makopo ya rangi, na huko akakaa mpaka jioni. Aliporudi mezani, mchoro haukuwepo. Ulikuwa umekwisha pelekwa chumba cha kamera.

Wenzake wa zamani waliopo hapa wanajua kilichofuata. Kamera ya kiwandani haioni bluu mpauko. Ndiyo sababu wachoraji waliitumia kwa alama zao: haitokei kwenye filamu. Fundi kamera alipoitazama filamu aliona FUNG, pengo, kisha A. Alikuwa mtu nadhifu. Akakata filamu, akaisogeza A mahali pake, na kazi ikashuka chini kwenye mtambo.

Ijumaa tarehe 21 Novemba, saa nne asubuhi, karatasi elfu ishirini zilizochapwa zilikuwa zimelala kwenye rafu zikikauka. Mzee Rula alimwita binti wa majaribio mbele ya rafu hizo.

"Soma."

"Chumvi safi ya mezani."

"Soma pale kwenye kona."

Akasoma. Kwa macho tu.

"Kwa sauti, binti. Na mimi nisikie."

"Funga hapa."

"Mtu katoka dukani," alisema Mzee Rula polepole. "Mboga iko jikoni inachemka. Anaishika pakiti, pakiti inamwambia afunge. Afunge nini? Hata hajafungua."

Wapiga chapa wakacheka. Fundi kamera hakucheka. "Mimi nilikuta pengo nikaliziba," alisema. "Kuziba mapengo ndiyo kazi yangu."

Marehemu angeweza kusema mengi. Angeweza kusema habari za ghalani, za makopo ya rangi, za mtu aliyeuchukua mchoro bila kuuliza. Alisema, "Pengo lilikuwa langu. Nililiacha mimi." Akaulizwa kama ana la kuongeza, akajibu kwamba anaomba mpaka Jumatatu.

"Jumatatu utakuja na nini? Utaandika U elfu ishirini kwa mkono?"

"Sijui bado, mzee."

"Angalau unasema kweli," alisema Mzee Rula, akaenda zake. Majaribio yake yalikuwa yaishe Ijumaa iliyofuata, na baada ya hapo mwaka ulikuwa na mwezi mmoja tu uliobaki.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na karatasi moja iliyoharibika, akaitandaza kwenye meza ya cherehani. Mama yake aliisoma, halafu akasema maneno ambayo marehemu aliyarudia maisha yake yote kwa kila mwanafunzi wake: "Sasa mwanangu, si uwape cha kufunga?"

Karatasi zilikuwa zimechapwa lakini zilikuwa hazijakatwa. Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Jumamosi asubuhi alikuwa amekunja pakiti kumi na saba za majaribio, na ya kumi na saba ilikuwa na hiki: kwenye kona, mstari wa vitundu ambao hata mtoto akiuona atajua ni wa kuchana, na juu yake ulimi mdogo wa nusu mwezi, ambao baada ya kuchana unarudi na kuzama kwenye ufa wake. Na maneno FUNGA HAPA yaliangukia katikati ya ulimi, kana kwamba yalizaliwa pale.

Kilichobaki kilikuwa visu. Boksi hukatwa kwa ubao uliopachikwa visu vyembamba vya chuma vilivyopindwa kufuata umbo, na fundi wa visu alikuwa kijana mmoja mrefu, mkimya, aliyefanya kazi peke yake kwenye karakana nyuma ya kiwanda. Alimkuta amekaa juu ya debe anakunywa chai.

"Dada, ubao huu nimeupinda wiki mbili," alisema alipooneshwa ile pakiti. "Leo unataka niupindue?"

"Si wote. Visu viwili na ufa mmoja."

"Na mimi nitapata nini?"

"Utapata chumvi isiyolowa."

"Mimi sipiki."

"Ndiyo maana hujui shida ya watu."

Fundi aliweka kikombe chini. Waliomaliza kazi ile jioni ya Jumapili walikuwa watu wawili waliokwisha kugombana mara nne, zote kwa sababu ya milimita.

Jumatatu tarehe 24, Mzee Rula alikuta juu ya meza yake pakiti moja, imejaa chumvi. Aliichana. Alimimina kidogo kiganjani. Alirudisha ulimi mahali pake, akaigeuza pakiti kichwa chini miguu juu, tena juu ya michoro yake mwenyewe, akaitikisa. Zilianguka punje tatu. Walizihesabu.

"Nani alikwambia ufanye hivi?"

"Pakiti yenyewe, mzee. Iliniambia nifunge."

Mzee Rula alitoa rula akapima ulimi, pengine kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. Kisha akafungua mlango na kupaza sauti kwenye ngazi, "Waambieni wa mtambo wa kukatia wamsubiri bi mkunjo ateremke na ubao wake." Jina likashika siku hiyo hiyo. Mteja wa chumvi alipoletewa mzigo wake alidhani ndivyo alivyoagiza, akaomba na pakiti ya kilo nzima ifungwe vivyo hivyo.

Barua ya ajira ya kudumu ilitiwa mhuri Ijumaa tarehe 28 Novemba 1980. Mwalimu aliisoma miwani ikiwa mahali pake. Akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha neno moja la mstari wa tatu, akamrudishia. "Kazi umepata," alisema. "Ila mwajiri wako hajui kuandika 'masharti'." Shangazi muuguzi alipelekewa salamu kwamba nafasi ile ampe mwingine.

Yule fundi wa visu hakuwa mtu wa maneno. Mwaka 1982 alimletea marehemu kipande cha kadibodi kilichokatwa, bapa, bila maelezo. Marehemu alikikunja kikawa kiboksi kidogo cha ukubwa wa yai.

"Hakina kitu ndani," akamwambia.

"Najua. Nimekuachia uweke wewe."

Alikaa nacho siku tatu. Siku ya nne alikirudisha karakana. "Ulimi umezidi milimita mbili," alisema. "Ukirekebisha, njoo nyumbani uongee na Mwalimu." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Septemba 1983. Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao walikua wakidhani kwamba kila nyumba ina mkasi kwenye kila chumba, na kwamba meza ya kulia hutumika kwa chakula pale tu inapobidi.

Alifanya kazi katika chumba kile cha michoro miaka thelathini na saba, na kumi na mitano ya mwisho alikuwa mkuu wake. Alibuni maboksi ya sabuni, ya dawa, ya balbu, ya vifaranga yenye matundu ya kupumulia. Alibuni chupa ya maziwa yenye kiuno, ili mkono wa mtoto uishike bila kuiangusha. Hakufaulu kila mara. Dumu lake la mafuta la mwaka 1991 lilimwagia kila mtu mafuta kwenye kiwiko, naye alilihifadhi kabatini sebuleni, mbele ya vikombe vya wageni, na mgeni akiuliza alijibu, "Hilo ndilo linalonipa adabu."

Wanafunzi wake wa chuoni, alikofundisha kila Jumatano kuanzia 1995, wanaijua kanuni ya mikono mitano. Hakuangalia mchoro wa mtu kabla haujapita mikono mitano: mkono wenye maji, wenye mafuta, wa mtoto, wa mzee, na mkono mmoja peke yake, kwa sababu mwingine umebeba mtoto. Mwanafunzi alitumwa mtaani na boksi lake, akarudi na majibu. Mmoja aliwahi kumwambia, "Mwalimu, yule bibi kafungua kwa meno." Akamjibu, "Basi umebuni kwa ajili ya meno. Rudi ukabuni kwa ajili ya bibi."

Alijua kwamba kazi yake hutupwa. Hakujidanganya kuhusu hilo, wala halikumtia uchungu. Alisema mtu akifungua kitu huku anaongea na mwenzake, asikumbuke kabisa kwamba kilikuwa kimefungwa, hapo mbunifu amefanya kazi yake. Kuna namna ya kupenda watu isiyohitaji wakujue, na yeye aliishi kwa namna hiyo. Jikoni kwa watu wasiomjua, kwa miaka arobaini na zaidi, mkono wake ulikuwepo.

Alistaafu Desemba 2017. Mwanzoni mwa 2021 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari wakathibitisha kuwa ni maradhi ya mishipa ya fahamu yasiyo na tiba ya kuyamaliza. Kalamu ilimwacha kwanza, halafu mkasi. Alikasirika kwa muda wa wiki moja hivi, kisha akaamua kuwa mume wake atakuwa mikono na yeye atakuwa macho. Kila asubuhi walikaa kwenye veranda ya nyuma, yeye akisema na mzee akikata.

"Kushoto kidogo."

"Hapa?"

"Hapo umekwisha pita. Fundi mzima hujui kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa boksi."

Kwa namna hiyo walimaliza, Machi mwaka huu, kasha la dawa la wiki nzima linalofunguliwa kwa kusukuma kwa upande wa kiganja, bila kutumia vidole. Wagonjwa kumi na wanne wa kliniki yake wanalitumia.

Jumatatu tarehe 27 Mei 2024 alishikwa na homa ya mapafu, akapelekwa hospitali. Mapokezini, karani alikuwa anajaza fomu na mwanawe wa kiume akijibu kwa niaba yake, kwa kuwa pumzi ilikuwa haba.

"Kazi?"

"Amestaafu," alisema mwanawe.

Marehemu alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha magurudumu. "Nimestaafu kiwanda," alisema bila kuyafumbua. "Kazi bado."

"Basi niandike nini, mama?"

"Mbunifu wa vifungashio."

Karani, kijana wa watu, aliuliza kwa nia njema, "Hiyo ni kazi ya kufanya nini hasa?"

Alifumbua macho. Juu ya kaunta palikuwa na boksi la glavu, lile ambalo ukivuta moja zinatoka tano. Akamwomba karani avute moja. Karani akavuta, zikatoka sita, mbili zikaanguka. "Ya kufanya hilo lisitokee," akamwambia. Mama mmoja aliyekuwa nyuma kwenye foleni akadakia kwamba afadhali hizo, chupa ya dawa ya mumewe inabidi aitwe jirani aje aifungue. Mzee mwingine akataja mfuko wa maziwa. Foleni nzima ikawa na la kusema, na Bi Mkunjo, pumzi kidogo, alimwomba mwanawe achukue kalamu aandike wanayosema watu. Karani naye akaandika, kwenye mstari wa kazi, maneno matatu aliyoambiwa.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, saa moja kasoro robo asubuhi, mume wake akiwa ameshika mikono yake, ambayo ilikuwa imetulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, kaka wawili na mdogo wake wa kike. Ameacha orodha ya malalamiko kumi na moja kutoka foleni ya hospitali, ambayo mjukuu wake mkubwa, aliyeanza mwaka wa kwanza wa chuo, amekwisha kuomba akabidhiwe. Ameacha chumba cha michoro ambamo leo, kati ya meza kumi na nne, kwenye tisa wamekaa wanawake. Na juzi, tulipopokea kibali cha mazishi, tulikuta karani wa pili amenakili fomu ya karani wa kwanza bila kupunguza kitu. Mbele ya neno "kazi" pamepigwa chapa: mbunifu wa vifungashio. Na kibali kina mhuri.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani, na kazi aliyoichagua iendelee mikononi mwa watu.